Aliyenunua Picha ya Binti Yangu

Huku kwetu wapiga picha hawaombi ruhusa. Wanafika kwenye sherehe bila kualikwa, na hakuna anayewafukuza. Wanapiga harusi, wanapiga mazishi, wanapiga ubatizo, na tangu shule za chekechea zianze kuwavisha watoto majoho kana kwamba wamehitimu chuo kikuu, wanapiga na hayo pia. Kisha wanarudi kwenye gari walilolisimamisha kando ya uwanja, ambamo wameweka mashine ya kuchapisha, na kabla hujamaliza wali wako picha zimetandazwa kwenye turubai juu ya nyasi. Unainama, unajitafuta katikati ya nyuso za watu. Ukijipata, unajinunua. Usipojinunua, unabaki hapo chini ukitazama mawingu, na mwisho wa siku unakunjwa pamoja na turubai na kuingizwa kwenye katoni. Katoni hizo zinaenda wapi, hakuna mtu niliyewahi kumsikia akiuliza.

Binti yangu alivaa joho lake hapa Muthara mwaka alipomaliza chekechea. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule, na nusu ya majoho ya siku ile yalitoka kwenye cherehani yangu, kwa hiyo nilikaa pale nikikagua pindo za watoto wa watu badala ya kusikiliza hotuba. Yeye alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele. Kofia yake ilikuwa imelalia sikio, joho limefunguka kifuani, na sweta la shule linaonekana ndani, na jina la shule limetariziwa hapo kwa uzi wa manjano. Nilimwona mpiga picha akipiga goti mbele yake kando ya ua. Sijui alimwambia nini, lakini msichana alicheka hadi macho yakafumba.

Picha hiyo ndiyo niliyoitaka. Kwenye turubai nilimpata akiwa na mwalimu wake, nikampata akiwa amesimama na mimi, lakini ile ya kicheko sikuiona. Nikauliza.

"Hiyo ilienda," mpiga picha akasema bila kuinua macho.

"Ilienda wapi?"

"Kuna mtu alichukua. Alichukua na zingine."

"Mtu gani? Ni jamaa yetu?"

"Sasa mama, mimi nitajuaje? Alilipa."

Nilisimama juu ya turubai lake na viatu vyangu, akaniomba nishuke, nikakataa. Nilitaka aniambie huyo mtu alikuwa mrefu au mfupi, kijana au mzee. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa na suti. Siku ya sherehe ya watoto kila mwanamume wa Muthara ana suti, hata anayekuja kukamua ng'ombe.

Naomba mtu anielewe hapo, kwa sababu siku ile hakuna aliyenielewa. Mwenye picha ile alikuwa na sura ya mwanangu na jina la shule yake juu ya kifua. Saa ya shule kutoka inajulikana na kila mtu. Kilichobaki kilikuwa ni yeye kusimama getini na kusema, "Mama yako amenituma." Mtoto wa miaka sita atakayeitwa na mtu anayetabasamu ataenda. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini wakati huo hata wazazi wenzangu walinitazama kana kwamba uchungu wangu nimeuokota njiani.

Mwalimu mkuu, mama mpole sana, alinishika mkono jinsi mtu anavyomshika mgonjwa, akasema labda ni jamaa aliyempenda mtoto. Nikamuuliza ni jamaa gani huyo anayenunua picha ya mtoto na hamsalimii mama yake aliyekaa hatua chache tu kutoka hapo. Mchungaji alisema tutaliweka katika maombi. Mume wangu hununua miraa mashambani na kuisafirisha kwa zile pikapu zinazoondoka Maua kabla ya mapambazuko, kwa hiyo siku nyingi za juma analala huko. Nilimpigia simu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama watoto, ni picha tu. Si amechukua mtoto."

Nikamwambia angesema vingine kama mtu angepiga picha pikapu yake na namba zake. Aliwahi kugombana na mtu sokoni kwa jambo hilo hilo, karibu wapigane.

Ni picha tu. Nilisikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuyasikia hata pasipo mtu. Kama ni picha tu, kwa nini alinunua? Watu hawanunui kitu ambacho si kitu.

Aliyenielewa alikuwa mmoja, mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja wetu. Aliniacha nimalize kulia kwanza. Halafu akauliza swali moja.

"Huyo mtu alimtemea mtoto mate?"

Alivyolelewa yeye, mtu akimtazama mtoto wa mwenzake akamwona mzuri, hasemi tu na kwenda zake. Anamtemea kifuani mate kidogo sana, umande tu wa mate, ndipo mama ajue kwamba jicho hilo lilikuwa jema na kilichosemwa kilikuwa baraka. Anayemtazama mtoto, akamsifu, akaondoka mkavu, ameondoka na kitu. Nilipomzaa huyu msichana, wazee walikuwa wakija kumwona na kumtemea, na mimi, mama wa kisasa, nilingoja wageuke nimpanguse kwa kitambaa chenye dawa. Mama mkwe alikuwa akiniona na kucheka tu. Siku ile sikuona cha kuchekesha. Wazee wale walijua kwamba kumtazama mtoto wa mtu kuna adabu yake, na kwamba mama ana haki ya kujua nani ametazama.

Hata kwetu Karurumo, nilikozaliwa, picha ilikuwa na adabu. Yangu ya utotoni ni moja, iliyopigwa na mtu aliyekuja kwa baiskeli siku nilipopata kipaimara. Mama aliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, kitabu kikiwa kimefungwa kwa leso, leso ikiwa ndani ya sanduku. Mgeni alikunywa chai kwanza. Kama chai imekwenda vizuri na mazungumzo ni ya heri, mama alifungua sanduku, mgeni akafuta mikono akatazama, kisha ikarudi. Ile picha haikuwahi kuvuka mlango. Walioitaka ndio waliokuja.

Nikaanza kumchukua binti yangu shuleni mwenyewe. Kila mchana nilifunga cherehani na kushuka barabarani, wateja wakilalamika kwamba sare zinachelewa. Yeye aliona aibu, maana wenzake walirudi makwao kwa makundi wakirushiana matunda, na yeye ameshikwa mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Aliniuliza kama amefanya kosa. Nilimwambia hapana, akanitazama bila kuamini.

Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi alasiri moja nilipokuwa nakata kola, mume wangu akapiga simu. Kwa kawaida saa hiyo huwa amelala.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Uko mzima?"

"Nani amekuambia mimi ni mgonjwa?"

"Wewe niambie ukweli," akasema. "Uko mzima?"

Sauti yake haikuwa sauti ninayoijua. Nilimwambia niko mzima, nimeshika mkasi, na ana jambo gani. Akavuta pumzi, akaeleza. Mwanamume mmoja wanayefanya naye biashara pale Maua alikuwa amemjia asubuhi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa pole kwa kifo cha mama wa watoto. Kisha akamlaumu kidogo, kwa upole, kwamba mtu akifiwa asione haya kuwaambia marafiki, wangechanga, kuliko kupeleka mtoto wake kwa makao ya yatima. Mume wangu akamuuliza makao gani. Yule akamwelekeza kwenye bango lililo barabarani, mahali ambapo mume wangu hupita karibu kila siku. Ila yeye hupita gizani, mbio, macho yakiwa barabarani, na bango halina taa.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yale maneno yake ya "ni picha tu" sikuyasikia tena tangu siku hiyo.

Kesho yake alikuja kutuchukua kwa pikapu. Nilimchukua binti yangu makusudi, na nikamvalisha lile lile sweta, kwa sababu nilijua watakana. Tulipofika, sikuhitaji kuonyeshwa. Bango lilikuwa limefungwa juu ya geti, na uso wa mwanangu juu yake ulikuwa na ukubwa wa mlango. Kofia imelalia sikio, pengo la meno, macho yamefumba kwa kicheko. Chini yake kulikuwa na herufi nyekundu.

"Mama, ni mimi," akasema binti yangu, akaanza kuruka. "Baba, angalia, ni mimi mkubwa."

Kisha akaona maandishi. Mwaka huo ndio alikuwa ameshika silabi, na hakuna kibao cha duka kilichopita bila yeye kukisoma kwa sauti. Akanyoosha kidole.

"Mi-mi ni ya-ti-ma. Ni-sa-i-die ni-so-me." Akanigeukia. "Mama, yatima ni nini?"

Mume wangu alikuwa anatazama tairi la gari. Nilitafuta jibu jingine na sikulipata. Nikamwambia ni mtoto ambaye baba na mama yake wamekufa.

Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akalitazama bango.

"Kwani nyinyi mtakufa lini?"

Aliuliza jinsi anavyouliza tutaenda sokoni lini. Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia wateja, nimekasirikia mawifi, nimekasirikia mvua. Lakini hasira ile ya pale getini iliniingiza ofisini bila kubisha hodi.

Mwenye makao alikuwa kijana wa suti, mwenye adabu sana, wanamwita dairekta. Alitupa viti, akaagiza chai. Nilimsimamisha binti yangu mbele ya meza yake na kumwuliza kama anamfahamu. Alimtambua papo hapo, nilimwona, lakini akatabasamu na kusema ni mtoto mzuri. Sikukaa, na chai nikaisukuma.

"Madam, sisi hatujafanya kitu mbaya," akasema. "Hiyo picha tulinunua. Mwenye kuuza yuko."

"Ulinunua mtoto wangu akiwa na mama. Umemfanyaje yatima?"

"Hatujasema ni yeye. Hiyo ni sampo tu, ya kuwakilisha wale wengine."

"Hao wengine wako wapi?"

Akaonyesha dirishani. Kulikuwa na watoto uani, wengine wakifua, wengine wakicheza mpira wa matambara. Watoto wa kweli, yatima wa kweli, na Mungu anajua sina neno nao. Nikamwuliza kwa nini hakupiga picha hao. Hapo ndipo aliponyooka kwenye kiti, akazungumza kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda.

"Hao siwezi kuweka sura yao barabarani, madam. Sheria inalinda watoto."

Nilimwomba arudie. Akarudia, taratibu, ili nielewe. Watoto wake wana haki ya kufichwa, kwa hiyo ilibidi atafute wa kuwaonyesha. Na alikuwa ametafuta vizuri, kwenye turubai, kwa kuinama kama sisi wazazi, akichagua anayecheka kuliko wote, kwa sababu watu hawasimamishi gari kwa mtoto aliyenuna. Hayo ya mwisho aliyasema pia. Alidhani ananisifia. Alimsifu mwanangu mbele yangu na kinywa kikavu.

Alipoona siondoki, aliahidi kwamba bango litatolewa wiki ijayo, fundi wake akija. Mume wangu aliinuka na kutoka nje. Nilisikia pikapu ikiwaka. Tulipomfuata getini alikuwa ameiegesha chini ya bango, amepanda juu ya kichwa cha gari, na ana kile kisu chake kidogo anachokatia maganda ya mgomba ya kufungia miraa. Alianzia kwenye kofia. Alikata polepole, akizunguka kidevu kwa uangalifu, kana kwamba ni ngozi.

"Hiyo ni mali ya wenyewe," askari wa geti akamwambia kutoka chini.

"Na huyu ni mtoto wa wenyewe," akajibu, akaendelea.

Aliposhuka na uso umekunjwa kwapani, bango lilibaki na tundu, na kwenye tundu ulionekana upande wa vilima vya Nyambene, na chini yake maneno yale yale, mimi ni yatima. Dairekta alisimama mlangoni na simu mkononi. Hakuipiga.

Nilikwenda kwa polisi pia, mtu asiseme sikwenda. Askari aliniuliza kilichoibiwa ni nini. Nikamwambia. Akauliza kama mtoto yuko. Nikasema yuko. Akasema basi tumshukuru Mungu, akaita anayefuata.

Nyumbani, mama mkwe alitandaza ule uso mezani. Alitaka niuchome. Hapana, nimekosea, mimi ndiye niliyetaka kuuchoma, na yeye akanizuia, akasema picha ya mtu aliye hai haiwekwi motoni. Aliinama akautemea mate kidogo pale palipokuwa na kifua, akanong'ona maneno yake ya Kimeru, akaukunja na kuuweka juu ya kabati. Bado uko huko.

Watu walidhani yameisha. Waliniambia nishukuru, mtoto hajaguswa. Nani kawaambia hajaguswa? Usiku wa siku ile alikuja kulala katikati yetu, na hakuwa amefanya hivyo tangu aachishwe ziwa. Nikikohoa jikoni, alikuwa anakuja mlangoni, anasimama, ananitazama hadi nimalize, halafu anarudi kucheza. Baba yake akichelewa kupiga simu, hali chakula. Alikuwa mtoto asiyejua kwamba wazazi hufa, na alikuwa na haki ya kutojua kwa miaka mingine michache. Mtu mwenye suti alimfundisha kwa herufi nyekundu, na hadi leo anaamini kwamba alichochukua ni karatasi.

Siku ya soko nilimfuata mpiga picha. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mbele ya umati, na nilianza vizuri. Yeye akaniacha nimalize, akavuta katoni kutoka chini ya meza akaifungua. Ilijaa watoto. Watoto wa majoho, wa ubatizo, wa Krismasi, wamepangwa wima kama kadi. Akaniuliza asipoviuza apeleke wapi, na wazazi ndio walioviacha. Alisema "viuza", na "vi" hiyo ilikuwa ya watoto. Nikamwambia avipeleke kwa wenyewe. Akacheka, akasema hajui majina, anajua shule tu. Niliondoka na matusi yangu mengine bado mdomoni.

Haukupita muda mrefu, mume wangu akapiga simu. Alikuwa amechelewa kutoka Maua siku hiyo, jua limeshatoka, akaliona bango.

"Wameweka mwingine," akasema.

Nilijua alichotarajia niseme. Wetu ametoka, na kila mtu na mzigo wake. Nilimwachia mama mkwe binti yangu nikapanda gari la Maua.

Walikuwa wamebandika kiraka juu ya tundu, vibaya, pembe moja imeshaanza kunyanyuka. Alikuwa msichana mwingine, mkubwa kidogo kuliko wangu. Huyu hakucheka. Alitazama mbele moja kwa moja, sikio la kushoto limechomoza kidogo, na kovu dogo limekata nyusi. Sweta la kijivu, kola ya hudhurungi yenye mishono miwili. Mimi ni yatima, nisaidie nisome.

Nikatoa simu. Ningepiga picha nikaituma kwenye kundi la kina mama wa kanisa, na la chama, na la ukoo, na kabla ya jioni mama yake angejua. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kioo. Halafu nikafikiria makundi hayo, na watu waliomo, na watu wanaojulikana na hao watu. Nani angeihifadhi. Nani angeipeleka mbele na kuongeza maneno yake mwenyewe. Ili kumwambia mama mmoja kwamba uso wa mwanawe uko kwa wageni, ningeugawa kwa wageni ambao dairekta hakuweza hata kuwafikia. Nilirudisha simu kwenye mkoba kwa hasira, kwa sababu hata njia ya kusaidia walikuwa wameichafua.

Kwa hiyo nilisimama nikamtazama. Nilimtazama jinsi ninavyotazama nguo ninayotakiwa kuishona bila kipimo, kipande kwa kipande, hadi nilipofumba macho nikamwona mzima. Na kwa kuwa nilikuwa nimemtazama mtoto wa mtu kwa muda mrefu hivyo, nikaona siwezi kuondoka tu. Nikamrushia mate kidogo kuelekea kifuani. Askari wa geti alikuwa ananichunga. Aliniuliza kama nimekuja kukata tena. Nikamwambia leo nimekuja kuona.

Kola ile si yangu, lakini naijua. Ni ya shule moja huko juu, kwenye mashamba ya majani chai, na fundi wake ni mama tunayekutana naye kwenye duka la vitambaa. Siku iliyofuata nikapanda huko. Sikuwa na kitu cha kuonyesha, nilikuwa na maneno tu. Kwenye kibanda cha kupimia chai niliwakuta kina mama wakingoja lori, vikapu vikiwa miguuni, nikawaeleza ninamtafuta mama wa msichana mwenye sikio la kushoto hivi, na kovu hapa. Walicheka. Walisema hawajawahi kuona mtu akitafuta sikio. Lakini mmoja wao akaacha kucheka akaniuliza ninamtakia nini huyo mtoto, na jinsi alivyouliza nilimpenda. Nilipomweleza, alinielekeza kwenye nyumba iliyo chini ya barabara.

Nilimkuta mwenyewe akikatakata nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwa panga, kwenye gogo. Ni mama wa umri wangu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nilimsalimu nikajitambulisha natoka Muthara, mimi ni fundi, na nimekuja kwa jambo la mtoto. Nilimweleza kutoka mwanzo: turubai, katoni, mtu wa suti, bango. Alinisikiliza kwa adabu huku akiendelea kukata. Nilipomaliza akanitazama kwa huruma. Alikuwa ameshaona kwamba nimetoka mbali na nina vumbi.

"Lakini dada," akasema, "si hiyo ni picha tu. Wacha nikuwekee chai."

Ajabu ni kwamba sikumkasirikia. Nilimwambia kwamba nilikuwa sijamaliza, kwamba bango lina maandishi. Akauliza yanasemaje. Nikamwambia.

Panga likabaki hewani.

"Yatima wa nani?"

"Wako."

"Wa mimi?" Aligeuka akatazama nyumba yake, moshi unaotoka jikoni, nguo zake mwenyewe kwenye kamba. "Hao watu wameandika nimekufa?"

"Wameandika."

Akaita jina la mtoto. Msichana akatoka jikoni na kijiko cha mti mkononi, sikio lile lile, nyusi ile ile, akanisalimu kwa kuinamisha kichwa. Mama yake alimshika mabega akamkagua kuanzia nywele hadi miguu, kama mtu aliyerudi safari, kisha akamwambia aipe ng'ombe majani na asitoke nje ya boma mpaka yeye arudi. Aliweka panga chini. Akanawa mikono kwenye beseni, akakaza kitambaa cha kichwa, akavaa viatu vya kanisani. Nilidhani tumemaliza maandalizi, nikatangulia kwenye kijia. Nilipogeuka, alikuwa ameinama kuliokota tena lile panga.

"Twende," akasema. "Nionyeshe waliponizika."